Nilichagua wa Manjano

Juzi, dukani Nakuru, niliona mama mmoja akivutavuta mishono ya mkanda wa winchi, ule wa kupandisha mashua kwenye trela. Nikamkumbuka Baba.

Nilikuwa mdogo mkanda wetu ulipokatika, Baba akanipeleka kununua mwingine. Duka lilinuka mpira na grisi. Alikagua mishono, akajaribu ndoano, kisha akaniwekea mikanda miwili mbele.

"Tuchukue gani, mami?"

Nikaonyesha wa manjano kwa sababu ulipendeza.

Alasiri hiyo, ziwani Naivasha, Baba alisimama majini nyuma ya mashua akiisukuma, huku Mjomba, kwenye trela ufukweni, akizungusha winchi. Mkanda ulilia kila ulipojikunja. Niliamini ukikatika, mashua itamponda Baba, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua.

"Baba, toka hapo!" nikapiga kelele. "Mimi nilipenda rangi tu!"

Mjomba akasimamisha winchi. Baba hakucheka. Alitoka majini, suruali ikichuruzika, akasimama kando yangu.

"Haya, zungusha," akamwambia Mjomba.

Sasa najua mikanda yote miwili ilikuwa imara, ndiyo maana aliniachia kuchagua rangi. Siku hiyo hakunieleza hivyo. Alinishika mkono tu, mpaka mashua ikapanda yote.