Anayengoja Jibu Ndani ya Tangi

Saa tatu asubuhi, kichwa cha mwanamke kinachungulia kwenye mdomo wa tangi la maji, na mwenyewe haonyeshi dalili yoyote ya kuteremka.

"Hii ngazi ina vidato vingapi?"

"Kumi na sita," mumewe anajibu kutoka chini, na tangi nalo linadakia: sita, sita, sita.

"Nimemuuliza mtu mmoja, nimejibiwa na ukoo mzima," mama huyo analalamika.

Aliye chini ni msafisha matangi mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ambaye wateja wake wamembandika jina la Mwangwi. Kazi iliyomleta amekwisha kuimaliza. Tangi hili la zege, lililochimbiwa nyuma ya jengo la ghorofa nne, amelipiga brashi, amelisuuza kwa klorini na kulifuta kwa tambara hadi tone la mwisho. Mfuniko uko wazi tangu jana ili hewa iingie. Sasa anafungua mfuko ambao mkewe, fundi cherehani, alimshonea kwa mabaki ya vitambaa vya suruali za wateja. Anatoa tarumbeta.

"Ujana wangu wote nilipiga hii kwenye bendi," anasimulia. "Watu wanacheza, wanashangilia, mimi narudi nyumbani moyo mtupu. Najiuliza, hivi pumzi yote hii inakwenda wapi? Kuna anayeipokea?"

Bendi ilimlipa sifa kuliko fedha, na watoto hawali sifa, ndiyo maana akashika brashi, bendi akaiachia mwisho wa juma tu. Siku hizi huosha matangi kumi hadi kumi na mawili kwa mwezi, na moja kubwa kama hili huwapatia chakula cha juma zima.

Miaka kumi na moja iliyopita, humu humu, ndoo ilimponyoka. Mlio ukazunguka kuta, naye akahesabu hadi tisa ndipo ukanyamaza. Kesho yake, kabla maji hayajarudishwa, alikuja tena na tarumbeta, akimdanganya mlinzi kwamba alisahau brashi.

"Nilipiga noti moja tu. Ikanirudia nzuri kuliko nilivyoitoa. Nilikaa sakafuni nikalia, sioni haya kusema."

Tangu hapo haingii tangini na wimbo uliopangwa. Anatoa sauti, anangoja, anaokota kilichorudi na kujenga juu yake. Aliwahi kukariri kipande kilichomfurahisha hapa, akaenda kukipiga kwenye tangi la shule. Huko noti ziligongana kama sufuria zinazoanguka kabatini, kwa sababu kila tangi lina mwendo wake wa kujibu.

Mazoea hayo yalimponza. Kwenye harusi moja, maharusi wakiwa wameshikilia kisu juu ya keki, alipiga noti moja ya kuwafungulia, akashusha tarumbeta, akangoja. Ukumbi ukangoja. Bibi harusi akaanza kutafuna midomo. Kiongozi wa bendi akamsogelea na kumnong'oneza, "Mzee, umekufa umesimama?"

"Nilikuwa nasubiri ukuta unijibu!" anasema Mwangwi, akicheka hadi machozi. Kesho yake hakuwa na bendi.

Kuachishwa bendi hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni swali la mkewe. Kila asubuhi mama huyo husali sebuleni kabla ya kugusa cherehani, na miaka yote amemwona mwenzake akitoka na ndoo mkono mmoja, tarumbeta mkono wa pili. Siku moja alimuuliza, "Huko ndani unamwomba nani? Maji?"

"Yeye ndiye anayejua kusali," Mwangwi anakiri. "Nikasema, siku akisikia, ataniambia kama hii ni sala au nimechanganyikiwa tu."

Alimwalika mara nyingi, na mara zote ngazi ilishinda. Lakini mwisho wa mwezi huu tangi hili linabomolewa, na mwenye jengo ameshanunua matangi ya plastiki. "Plastiki haina la kusema," anasema Mwangwi. Ikiwa mkewe hatashuka leo, hapa hatasikia tena.

Mama anakusanya pindo la gauni, analifunga fundo, anageuka na kuweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

"Usitazame chini, mama watoto!"

"Nisipotazama nitajuaje nitakapoangukia?"

Vidato kumi na sita vinachukua dakika saba. Anafika chini akitweta, anaegemea ukuta wenye ubaridi na kuamuru, "Haya, piga. Nina magauni ya watu."

Mwangwi anapiga noti moja, ndefu. Anangoja. Inaporudi anaiwekea ya pili, kisha ya tatu, hadi zinakuwa kama watu watatu wanaozungumza bila kukatana maneno. Huko juu mtu anaburuta kiti uani, krrr, na tangi linanguruma. Mwangwi hakasiriki. Anaupokea mngurumo ule kwa noti nzito, anaupandisha taratibu, anaulainisha hadi unakuwa sehemu ya mazungumzo. Mkewe anacheka, na kicheko chake nacho kinazunguka kuta. Mwangwi anakifuata nacho.

Anaposhusha tarumbeta, macho yake yana wasiwasi wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. "Sasa, mke wangu, hii ni..."

Mama anamziba mdomo kwa kiganja. "Ngoja. Bado inarudi."

Wanangoja pamoja. Sauti inapungua, inakuwa uzi, inakwisha.

"Amina," mama anasema, polepole, kama anavyosema kila asubuhi sebuleni. Tangi linaitikia.

Mwangwi anaipangusa tarumbeta, ingawa haina vumbi. Anachotamani sasa, anasema baadaye, ni kupita matangi yote ya zege yaliyobaki kabla hayajabomolewa, ayasikilize moja moja. Juma lijalo ni zamu ya lile la hospitali, dogo kidogo, lenye jibu la sekunde tano.

"Hilo nalo lina ngazi?" mkewe anauliza.

"Vidato kumi na viwili."

Mama anatoa mfukoni tepu ya kupimia, anaizungusha kiunoni na kusoma namba kwa mwanga wa mdomo wa tangi.

"Basi nitajishonea suruali."