Miaka Niliyompunguzia Ndung'u

Ile asubuhi ya kuandikishwa shule naikumbuka, wanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, nimejaa maringo, na nilikuwa nimemshika mkono ndugu yangu Ndung'u nikimpeleka akaingie darasa la kwanza. Mama alikuwa ameshatoka alfajiri kwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu, huko kati ya Ruiru na Thika. Baba alikuwa bado kizuizini. Kwa hiyo siku hiyo mzazi nilikuwa mimi.

Mnivumilie nikienda polepole. Mzee hakimbizwi, na tena hadithi hii siisimulii kwa kupenda. Naisimulia kwa sababu Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani hapa Gitothua, niliwasikia mkiwacheka wale wazee waliokuwa wamesimama kando ya lango. Mlisema ni kama waliambizana wasikue. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na Biblia mkononi. Lakini mlichokiona ni kweli. Sisi tuliowatangulia kidogo kuzaliwa tuna urefu wetu, na waliozaliwa nyuma yao ni warefu pia. Ni wao tu wa katikati walio wafupi. Macho yenu hayakukosea, ni vinywa vilivyokosea, na mimi nilikosea hivyo hivyo kabla yenu.

Sasa sikieni. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na msichana wa kwanza hupewa la nyanya. Ndiyo maana mimi ni Nyambura kama shosho wangu, na ndugu yangu akaitwa Ndung'u kama babu, ambaye sikumkuta hai. Basi shosho alikuwa akimwita Ndung'u mume wake. Akimkuta uani anamwuliza, "Mzee, umekula?" Na yule mtoto, hajui hata kujifunga shuka, anajibu kwa sauti nzito, "Bado, mama." Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Huyo babu, watu walisema, alikuwa mrefu mno hata akisimama katikati ya mahindi yaliyokomaa unaona kichwa chake. Ndung'u alianza kumfuata. Akiwa na miaka miwili alikuwa na mapaja ya mtoto wa miaka mitatu. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye alama nyeupe usoni, na kila jioni kibuyu cha maziwa kilianza kwa watoto. Shosho alikuwa akimpima Ndung'u kwa mkongojo wake na kusema mume wake yuko njiani anarudi.

Halafu ikaja hali ya hatari, serikali ya wazungu ikipigana na wapigania uhuru wa msituni. Mmeisoma shuleni, sitawafundisha. Mimi nawaambia tu ilivyoingia kwetu. Tulipewa siku chache tubomoe nyumba, tukakusanywa sote katika kijiji kimoja juu ya Ruiru, nyumba zimepangwa mistari, handaki limezunguka pande zote na lango ni moja. Baba alikuwa ameshachukuliwa. Ng'ombe wetu alichukuliwa pia, na hatukumwona tena. Akina mama walichimba lile handaki tangu asubuhi hadi alasiri, kisha wanapewa saa moja hivi wakimbie mashambani watafute chochote, na filimbi ikilia lango linafungwa. Siku nyingine mama alirudi na majani ya maboga. Siku nyingine alirudi na jasho lake tu.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi changa huumia zaidi. Mimi nilikuwa na miaka minane, tayari maziwa yale yalikuwa yamekaa kwenye mifupa yangu. Ndung'u alikuwa na mitatu. Nilishinda naye nyumbani, nampikia uji wa konzi moja ya unga na maji sufuria nzima, kisha nambeba mgongoni mpaka mama arudi. Nywele zake zikawa nyekundu, tumbo likatoka, miguu ikakonda. Mwaka ukaisha, na wa pili ukaja, na bado niliweza kumbeba. Sikujiuliza ni kwa nini hazidi kuwa mzito. Watoto wengi wa mstari wetu walizikwa, na wetu alikuwa hai, kwa hiyo tulimshukuru Mungu na kunyamaza.

Basi turudi kwenye ile asubuhi. Siku hizo hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Likishikika, umri umefika. Lisiposhikika, rudi nyumbani. Mwalimu alikuwa ameweka meza nje ya darasa, nasi tukapanga foleni. Mbele yetu alikuwa mtoto wa homugadi mmoja, yaani wale waliokuwa wakilinda kijiji upande wa serikali. Yeye na Ndung'u walizaliwa msimu mmoja wa mahindi, lakini kwao maziwa hayakukatika hata siku moja. Alishika sikio lake bila hata kujinyoosha, akaenda zake.

Ndung'u akapitisha mkono. Vidole vikaishia juu ya sikio. Akajaribu kuinamisha kichwa. "Usipinde shingo," mwalimu akamwambia, si kwa ukali. Akajaribu tena hadi mishipa ikamtoka. Nyuma yetu wasichana wa darasa langu walikuwa wamekuja kutazama, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye ndugu ya Nyambura? Si bado ni wa kubebwa?"

Yule mwalimu alikuwa mtu wa haki. Alijua miaka tuliyotoka. Aliweka kalamu chini akaniuliza, "Msichana, huyu alizaliwa kabla hatujahamishwa kijijini, au baada? Kama ni kabla, nitamwandika hivyo hivyo alivyo."

Ndung'u akaniangalia. Hakuwa na shahidi mwingine duniani asubuhi ile. Mimi niliyempikia, mimi niliyembeba, mimi niliyejua hata mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa. Nikasikia wale wasichana wakicheka tena. Nikaona haya wanangu, haya ya kijinga, nikaona heri niwe na ndugu mdogo sana kuliko kuwa na ndugu mfupi.

"Baada, mwalimu," nikasema.

"Basi mrudishe baada ya miaka miwili."

Afadhali kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole unakifunga kitambaa. Tulirudi nyumbani, yeye nyuma yangu, halii. Tulipofika kwenye kivuko cha mto akaniuliza, "Nyambura, mimi nilizaliwa baada?" Nikamwambia anyamaze. Akanifuata hadi bondeni, karibu na nyumbani.

Shosho alikuwa hapo anapalilia nduma. Alipotuona alinyoosha mgongo akauliza kama mume wake ameandikwa. Nikasema sikio limemshinda. Na kweli lilikuwa limemshinda, mnaona jinsi mwongo anavyojificha nyuma ya kipande cha ukweli. Lakini Ndung'u, kwa sauti ndogo, bila hasira, akasema, "Nyambura amesema nilizaliwa baada."

Shosho hakunipiga. Laiti angenipiga. Alikata muwa mmoja uliokuwa ukingoni, akauambua majani, akanipa niushike.

"Hesabu pingili kutoka chini," akasema. "Hizi za chini zikoje?"

"Ndefu, shosho."

"Na hizi?"

"Fupi."

"Na za juu?"

"Ndefu tena."

"Hapo katikati palikuwa na kiangazi. Muwa ulikuwa unakua, mvua ikauacha. Sasa niambie, kosa la muwa ni lipi?"

 Akachukua ule muwa akampa Ndung'u atafune, akamwambia atangulie nyumbani. Alipokwisha kwenda, alinigeukia, na sijawahi kuona uso wa mtu umejaa huzuni kama ule.

"Njaa ilimpunguzia mume wangu kimo," akasema. "Wewe umempunguzia miaka. Njaa haina akili, Nyambura. Wewe unayo. Kesho utarudi pale, si mimi, ni wewe, na utayasema yote mbele ya wale wale waliokucheka."

Nikaanza kulia. "Shosho, watanicheka shule nzima."

"Wakucheke. Yeye anachekwa tangu tuingie kijijini, na wewe hukuwahi kulia."

Majuto ni mjukuu, lakini usiku ule yalikuwa yangu. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha. Tulifika mwalimu akiwa ameanza kukunja karatasi zake, na foleni ya mwisho ilikuwa imebaki na watoto watatu. Wasichana wenzangu walikuwa pale pale. Nikasimama mbele ya meza, nikasema kwa sauti kubwa nisije nikatakiwa kurudia, "Mwalimu, jana nilikudanganya. Huyu ni Ndung'u, ndugu yangu. Alizaliwa kabla ya kijiji, tukiwa bado na ng'ombe. Amemaliza miaka minane. Ni mfupi kwa sababu tulilala njaa."

Mwalimu akauliza kwa nini nilidanganya. Nikasema niliona haya. Akawatazama wale wasichana, na mmoja wao, yule aliyesema habari ya kubebwa, akainamisha kichwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwao walikuwa wamezika wawili. Mwalimu akafungua karatasi akaandika jina la Ndung'u. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi la mbele na miguu haikugusa chini, lakini alikuwa ndani.

Alisoma, akawa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Thika, mashine zikigoma anaitwa yeye. Baba alirudi. Uhuru ukaja, na mimi mwenyewe nilicheza hadi viatu vikakatika, sitadanganya. Tukapata ng'ombe tena, na mama akamzaa Karanja, mtoto wa maziwa na wa amani. Karanja alipofika miaka kumi na mitano alikuwa amempita Ndung'u kichwa kizima. Ndipo likawa jambo ambalo sijaliona kwa watu wengine: suruali zikimpungukia mdogo, anazirithi mkubwa. Ndung'u alizivaa akicheka. Mimi nilikuwa nikigeuka upande mwingine nisimwone.

Miaka mingi baadaye alinunua shamba Ngoliba, kule kwenye joto, nikawa naenda kumsaidia kuvuna kunde. Siku moja tumekaa tunazipepeta, wote tuna mvi, nikapata ujasiri wa kumwuliza kama ile njaa bado inamwuma. 

"Njaa siikumbuki hata kidogo," akasema. "Nilikuwa mdogo. Mimi ninayoikumbuka ni ile njia ya kutoka shule." Kisha aliona uso wangu, akanigusa goti. "Lakini na kesho yake naikumbuka. Usilie bwana, kunde zitaota."

Sasa ni miaka mitatu tangu tumzike. Nina hamu na ndugu yangu. Nina hamu naye asubuhi nikichemsha chai na nina hamu naye nikisikia mtu akipiga chafya kama yeye. Na si yule mrefu tuliyeahidiwa niliye na hamu naye. Huyo sikumjua. Nina hamu na yule mfupi niliyempata, na ningetoa chochote nimbebe tena mgongoni hadi kivukoni, nimjibu lile swali lake papo hapo.

Kwa hiyo, wanangu, shikeni haya. Nchi ikigeuka, wakubwa hupata bendera na vyeo na majina ya barabara, wengine hupata makaburi. Watoto wadogo hawaulizwi kitu, wanageuzwa nayo tu, na alama inabaki kwenye mifupa yao hadi uzee. Ukimwona mtu na umbo lisilokupendeza, usimpime kabla hujauliza alikuwa na umri gani wakati ule. Na kama siku mbaya zitakuja tena, maduka yamefungwa na watu wanakimbizana kwa sababu ya siasa, Mungu apishe mbali, sufuria ikiwa ndogo mpe kwanza aliye mdogo. Mkubwa atakonda, kisha atanenepa. Mdogo hapewi nafasi ya pili. Na zaidi ya yote, ukiulizwa habari za ndugu yako mbele ya watu wanaocheka, sema miaka yake yote, usipunguze hata mmoja.

Jumapili ijayo mkawasalimie wale wazee wa langoni. Mkawape mkono, mmoja mmoja.

Mungu awakuze, wanangu. Awakuze mpaka pale alipokusudia mfike. Na pale dunia itakapowakata, asikose kuwapo mtu wa damu yenu wa kusimama na kusema kweli juu yenu, na aiseme mara ya kwanza anapoulizwa.