Somo Langu kwa Wazazi, na Achieng Akatoka Nje

Mimi hufundisha watoto katika kanisa letu la mabati hapa Sarang'ombe. Jumapili iliyopita nilijitolea kuwafundisha wazazi nao, kwa sababu watoto wao ukiwauliza kitu wanajibu "sijui" tu, basi. Nilishaamua tatizo liko kwa nyumba zao. Yangu sikuifikiria hata kidogo.

Niliwaambia wazime simu, wamtazame mtoto, waulize, halafu wanyamaze wasikilize. Baba Wekesa, fundi wa viatu, akaniuliza, "Na kwa hizi nyumba zetu za chumba kimoja, mwalimu, hiyo itawezekana?"

Nikamwambia angoje aone. Nikamwita binti yangu Achieng mbele, nikapanga viti viwili vikitazamana. Nikawageukia wazazi na ile sauti yangu tamu ya kanisani. "Haya, sasa tunataka kuongea."

Achieng akachukua sweta yake, akatoka nje, akafunga mlango polepole.

Nikacheka kidogo, nikasema ameenda choo. Tukangoja. Baba Wekesa akaanza kuangalia viatu vyake mwenyewe. Mwishowe nikaenda kufungua mlango.

Alikuwa ameketi kwa ngazi, ameegemea ukuta, vile hukaa kwetu kila mgeni akija. Nikisema tunataka kuongea, yeye hujua ni wakati wa kutoka.

Akaniangalia bila hasira yoyote, na wazazi wote wakasikia.

"Mum, mmemaliza?"