Figo ya Ubaoni

Jumamosi moja, miaka ya themanini, msichana wa sekondari aliingia buchani pale mjini Sultan Hamud akaomba figo ya mbuzi, ajitayarishe kwa mtihani wa vitendo wa biolojia.

"Kazi yake unaijua?" muuza nyama akamuuliza.

"Huchuja damu," akajibu, akataja na sehemu zake zote bila kukwama.

"Basi chagua mwenyewe."

Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye ini.

"Hilo ni ini, msichana wangu!"

"Kwetu figo huliwa na wanaume huko huko wanakochinjia, mzee. Mimi naijua ya ubaoni tu, na mwalimu huichora kubwa hivi." Akapanua mikono kama amebeba sufuria.

Nyuma yake kwenye foleni, niliinua gazeti likanifunika uso. Mwalimu mwenyewe nilikuwa mimi. Figo za mbuzi wa kwetu nimezila zote huko huko wanakochinjia. Wanafunzi nimewapa chaki.