Samli Kwenye Breki

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia mguu wangu wa kulia hutafuta pedali. Keti. Hiyo simu inayokufundisha ufundi iweke chini kwanza, bisibisi haitakimbia. Naona umelifumua gari lako la zamani uani, boneti huku, milango kule, na tayari umewatangazia rafiki zako siku ya kulitoa. Mimi pia nilitangaza.

Nilikuwa na umri kama wako, hapa hapa Isingiro. Marehemu baba alimpa fahali mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama, naye baba akapewa gari dogo la spoti, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Hakuliendesha hata siku moja. Kuku walitagia kitini miaka mingi, na mama alililalamikia kama mke mwenza. Mimi nikaapa kulifufua.

Aliyenifundisha ni Mzee Kamugisha, fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu wa maneno machache mno. Tulishinda chini ya gari lile miezi na miezi. Injini ikawaka, rangi nikapaka. Ikabaki mipira midogo ya ndani ya breki, ambayo ilikuwa imekakamaa kwa uzee. Mzee akaagiza mipya kutoka Bukoba, akaniambia nisifunge magurudumu kabla haijafika.

Wiki ikapita, haikufika. Nami nilishajigamba kwamba Jumapili watu watatoka ibadani walikute gari mlangoni pa kanisa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia nikasikia? Sisi ni wafugaji. Kamba ya ngozi ikikakamaa tunaipaka samli, inalainika. Nikawaza, mpira una tofauti gani? Nikachota samli ya mama, nikaipaka ile mipira ya zamani, nikafunga. Nilipokanyaga pedali pale uani, breki zilishika vizuri kabisa. Nikajiona bingwa, mimi!

Baada ya ibada nikamwomba Mzee Kamugisha apande wa kwanza, maana nyumbani kwetu aliyemtibu ng'ombe ndiye huonja maziwa. Aliingiza mguu mmoja, akasita. Akaniuliza, "Mipira imefika?"

Wasichana wa kwaya walikuwa wananitazama. Nikasema, "Imefika, Mzee. Niliifunga jana."

Akapanda. Hakuuliza la pili.

Ule mteremko wa kwenda bondeni unaujua. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, zikashika. Mara ya pili pedali ikawa laini. Mara ya tatu mguu ukaenda mpaka sakafuni, hakuna kitu. Kule chini ng'ombe walikuwa wanavuka barabara wakitoka kunywa maji, na nyuma yao mama mmoja na mtoto mgongoni. Mzee alinitazama mara moja tu, akajua.

"Rudisha gia," akasema.

Nikarudisha. Gari likanguruma, likapunguza mwendo kidogo, haikutosha. Breki ya mkono tulikuwa bado hatujaifunga waya. Yule mama alisimama katikati ya barabara, anatushangaa, na mimi hata honi sikuikumbuka. Ndipo Mzee akanyoosha mkono wake wa kulia, akaushika usukani, akauvuta kwake kwa nguvu zote. Tukaingia migombani. Tuliangusha migomba mmoja baada ya mwingine mpaka gari likasimama.

Yule mama na mwanawe hawakuguswa. Mkono wa Mzee ndio uliobanwa na usukani, ukavunjika.

Watu walikuja mbio, mwenye shamba akauliza kosa la nani. Mzee akasema, "Ni langu. Fundi asiyefungua gurudumu akaona kwa macho yake si fundi."

Mwanangu, kipigo kingeniuma kidogo kuliko hayo. Siku ya tatu nilimpelekea ile mipira, imevimba na kulegea kwa ile samli, nikamweleza yote nikilia. Aliigeuzageuza kwa mkono wa kushoto. "Ungeniambia haijafika," akasema, "ningecheka, nikarudi nyumbani kwa miguu."

Mkono ule haukushika spana tena. Mpaka anazikwa, yeye alionyesha kwa kidole cha kushoto, mimi nikakaza.

Basi sikiliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Gari lisilokamilika halina aibu. Aibu ni kumpandisha mtu ndani yake huku ukijua. Anayekuuliza kama kazi imekwisha anakukabidhi roho yake, kwa hiyo mjibu kilichopo, hata kama kanisa zima linakutazama. Na hiyo siku uliyoitangaza, iahirishe. Fungua magurudumu yote manne, niite nije nione.

Mungu aibariki mikono yako, aulinde na ulimi wako. Na kila atakayeketi kando yako garini, ashuke mzima kama alivyopanda.