Ulaya Yangu Ilikuwa Ngaka

Nikiwaambia kwamba mama yangu mzazi aliwahi kunipigia magoti na kuninawisha mikono akidhani mimi ni fundi mgeni, mtacheka, na nyie chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeshindwa, kila nikijaribu kuisimulia kama kichekesho nafika pale kwenye jagi la maji naishia hapo.

Mimi ni mchomeleaji, mtu wa Ngumbo, huku ziwani. Nilikuwa na kazi nzuri tu ya kuchomelea mabodi ya malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, mpaka nikasikia kuna viza ya Ujerumani ya watu wenye ujuzi, unaingia kihalali, unapewa muda wa kutafuta mwajiri, ukimpata unabaki, usipompata unarudi kwenu. Basi hapo akili ikahama. Nikaanza kujifunza Kijerumani kwenye simu (nilifika kwenye kuomba chumvi na kuuliza stesheni iko wapi), nikanunua hata kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima na kioo cheusi mbele, maana niliambiwa kule fundi hachomelei kwa miwani ya jua kama sisi. Hiyo kofia muikumbuke.

Sasa kosa lenyewe. Nilipopata miadi ya kupeleka maombi ya viza Dar es Salaam nilimwambia mama, "Mama, naenda." Basi, nikaishia hapo. Sikusema naenda kuomba. Nilijiambia viza itatoka tu, nitaunganisha hukohuko nipande ndege, ya nini kurudi Ngumbo kuaga mara mbili. Mama akawaambia wanajumuiya wenzake, wale wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na kwetu mtu haendi mbali kimyakimya, lazima aombewe na asindikizwe. Katekista akatangaza kanisani kwamba kijana wetu ameitwa kazini Ulaya (ameitwa, mimi niliyekuwa nakwenda kupanga foleni), nami ningeweza kunyanyuka palepale nikasema bado, ila kwaya ilishaanza kuimba na mama alikuwa analia kwa furaha, nikaona aibu kumkatiza. Wakanisindikiza hadi kwenye gari, wakanibebesha mfuko wa usipa wakavu, vile visamaki vyetu vya ziwani, wakisema Wazungu hawavijui.

Dar wakanikatalia. Wala siwalaumu, walitaka cheti cha lugha na mimi nilikuwa na chumvi na stesheni. Nikaambiwa nikajiandae, nikiwa tayari niombe upya. Mtu mwenye akili zake angerudi nyumbani akasema jamani nimekwama. Mimi nilirudi, lakini nikaishia Ngaka kwa rafiki yangu Hamisi, mwenye karakana kando ya barabara ya malori, nikamwomba anihifadhi mpaka nifaulu lugha niondoke kweli. Hamisi ni mtu wa maneno machache. Alinitazama akasema, "Ulaya yako ni hii stoo ya vyuma, karibu."

Mama alikuwa ananipigia kila Jumapili akitoka kusali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi inakutesa?"

"Naizoea, mama."

"Mbona namba yako ni ileile?"

"Huku namba haibadiliki, mama."

Lori likinguruma ananiuliza ni nini hicho, nasema treni. Halafu anasema anawaombea hao watu wanaonihifadhi huko ugenini, Mungu awabariki, na anawaanikia usipa, akipatikana mtu wa kwenda huko atampa awapelekee. Nikikata simu najisikia vibaya mchana kutwa, lakini Jumapili ikifika nadanganya tena, tena kwa ufundi zaidi.

Ndipo upepo wa ziwa ukang'oa mabati ya kanisa letu kule Ngumbo na kupinda kenchi za chuma zinazobeba paa (nilizichomelea mimi, bure, na nikasifiwa). Katekista akaulizia fundi, akaelekezwa kwa Hamisi, na Hamisi akakubali kabla hajaniambia. Nikamwambia mimi siendi hata kwa kiboko.

"Mgongo wangu haupandi paa, unajua," akasema. "Na kenchi ni zako. Vaa kofia yako ya Ulaya, nani atakujua?"

Nikaona kweli, nani atanijua. Nikavaa ovaroli na kofia tangu hatujashuka kwenye gari, nikapanda juu bila kusalimia mtu, nikichungulia kwa chini ya kofia nisije nikaanguka. Kule juu nilikuwa nasikia kila neno. Katekista anamwambia Hamisi, "Hizi alichomelea kijana wetu, yuko Ujerumani sasa. Angekuwepo tusingekusumbua." Hamisi akajibu, "Mungu amtunze huko aliko," na nilijua ananisema.

Nilichosahau ni chakula. Kwetu fundi wa kanisa hali hotelini, wanajumuiya wanampikia kwa zamu, wanamnawisha, wanakaa naye mpaka amalize. Nimelijua hilo tangu nazaliwa, lakini kichwa kilikuwa kimejaa uongo, hakikuwa na nafasi. Mchana nikasikia sauti za akina mama wanaimba wakija na vyungu, na sauti ya mbele ilikuwa ya mama yangu.

Kukataa chakula chao ingekuwa tusi, nikateremka. Hamisi akawahi kusema mwenzangu macho yanamsumbua, hawezi mwanga, mwacheni na kofia yake.

"Macho hayazuii mikono," mama akasema.

Kwa kile kioo ukiwa kivulini huoni kitu, ni giza tupu. Nilimsikia tu akipiga magoti mbele yangu, akaweka beseni chini, nikanyoosha mikono. Akamimina maji. Masizi yakaanza kutoka. Sasa kidole gumba changu cha kushoto kina kovu, nilijikata utotoni nikipasua samaki, na ni yeye aliyenifunga kitambaa siku ile. Akalishika. Mikono ilikuwa imeshatakata lakini yeye akaendelea kumimina, akamimina mpaka jagi likaisha.

"Vua hiyo kofia ule, Deo," akasema.

Nikavua. Katekista akaniuliza kwa heshima kabisa, "Umefika lini baba?" (maskini, alidhani niko likizo), na hapo mlango wa kudanganya ulikuwa bado wazi, ila nilimwona mama yuko palepale magotini, kanga imelowa, haniangalii. Nikasema yote. Kuna mama mmoja alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Natamani wangecheka wote.

Mama akainuka akaenda nyumbani, tukadhani amesusa, kumbe alifuata mfuko. Alirudi nao umejaa usipa, akanipita, akaenda kwa Hamisi.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuwapelekea waliomhifadhi mwanangu," akamwambia. "Kumbe ni wewe. Pokea, baba."

Hamisi akapokea kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani, chini ya kenchi nilizomaliza kuzinyoosha, akawaomba watu msamaha kwa kuwasumbua waombee safari isiyokuwepo. Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikashindwa kunyanyuka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kofia na beseni. Kuitwa Mjerumani nimeshazoea, hata watoto wananiita hivyo.

Sasa hivi lugha nimeisoma kweli, cheti ninacho, na miadi nimepata tena. Juzi nilimfuata mama anapoanika samaki, nikamweleza kila kitu: naenda kuomba, wanaweza kukataa, hata wakikubali ni ruhusa ya kutafuta kazi tu, kazi yenyewe bado. Nikaapa mbele yake kwamba sitaondoka tena hapa nikiwa nimesema nusu.

"Sawa," akasema. "Nenda."

Akaendelea kugeuza usipa wake. Nikabeba begi langu nikapanda kilima cha kwenda barabarani peke yangu, nikageuka nyuma mara kwa mara nione kama anakuja kunisindikiza.