Taji Lililomngoja Mama Emérence

Kama kuna mtu mtaa wa South End, jijini Louisville, asiyejua habari za Tirhaka, mfalme wa Kushi, basi hajawahi kula chakula cha mchana na Murhula ghalani. Dereva huyo wa foklifti alikutana na jina hilo katika Biblia, akalifuata hadi maktaba, na tangu hapo hanyamazi. Atakueleza jinsi kijana huyo wa Nubia alivyoondoka kwao akiwa na miaka ishirini, akatawazwa Misri, akajenga mahekalu, akatawala miaka ishirini na sita. Ila akifika pale mfalme alipomwita mama yake aje amwone na taji, hufunika chakula chake na kurudi kwenye foklifti. Yeye naye vita vilimtenga na mama yake, kule kwao Walungu, katika nchi ya Bushi, akiwa katika umri uleule.

Kanisa lilipoamua kuigiza maisha ya Tirhaka, mfalme angekuwa nani tena? Na wiki mbili kabla ya mchezo, mama yake mzazi, Mama Emérence, akatua Buffalo kutoka kambi ya wakimbizi. Binamu Elisée akaenda kumchukua kwa gari, wakalala Columbus, na Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya mchezo, wakapata pancha karibu na Cincinnati.

Zamu ya taji ikafika. Pasta Ngarambe akaliinua, katoni iliyopakwa rangi ya dhahabu. Murhula akarudi nyuma.

"Bon, Pasta, tungoje. Kwetu Bushi mwami hawezi kuvaa taji na mama yake angali mu njia."

"Mama wa mfalme si huyu?" Pasta akamwonyesha Séphora, aliyevaa shanga mpaka masikioni.

"Huyu ni wa mchezo. Wangu angali Cincinnati."

Subira huvuta heri, lakini si kwa watu wenye njaa, waumini wakaguna. Akina mama wa Bushi wakaanzisha nyimbo. Kwa saa mbili nzima Murhula alisimama kichwa wazi, akiutazama mlango, akiogopa kwamba mama hatamtambua.

Mlango ukafunguka. Bibi mfupi ndani ya koti kubwa akapita katikati ya viti, akapanda jukwaani, akamsogeza Séphora kando. Vigelegele vikalipuka. Akalitwaa taji, akakitazama kipara cha mwanawe.

"Nilikuachaka na nywele. Ilienda wapi?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Murhula akacheka huku analia, akapiga magoti, akavishwa. Séphora akamnong'oneza bibi maneno ya malkia, yale marefu ya kumsifu mfalme wa nchi mbili. Mama Emérence hakumsikiliza.

"Murhula," akasema, "ulishakula?"